Viini Viwili vya Mbio au Vinne vya Subira

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile mimi na kaka yangu Hamadi tulipokunywa chai tumepeana migongo. Baba alikuwa ameuza kipande cha shamba kule Mapinga, akaahidi kutununulia laptopu. Moja tu, tuitumie sote wawili. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Wewe juzi uliniuliza uchukue prosesa ipi, huo ubongo wa kompyuta, ukaniletea majina marefu yenye namba kama za magari. Nitakujibu. Lakini sikiliza kwanza yaliyotupata.

Hamadi alikuwa hodari wa gemu za mpira. Mjini Bagamoyo hakuna aliyemfunga. Mimi dada yake nilikuwa naanza kuhariri video za harusi. Dukani kwa Ami Seif, mfanyabiashara aliyeletewa mashine na jamaa zake wa Dubai, zilikuwapo laptopu mbili. Prosesa ya laptopu ya kwanza ilikuwa na viini viwili vyenye mbio kali. Ya pili ilikuwa na viini vinne, ila kila kimoja kilikwenda taratibu. Kiini, mwanangu, ni kama mpishi: gemu za wakati ule zilitaka mpishi mmoja au wawili wa mkono mwepesi, na video ilitaka wapishi wengi wagawane sufuria.

Hamadi akang'ang'ania ya kwanza, mimi ya pili, hadi tukanuniana. Na harusi ya binamu yetu Rukia ilikuwa imekaribia! Hamadi ndiye angerekodi nikaha, ndoa ikifungwa mbele ya wanaume msikitini Kaole, mimi nihariri, ili kesho yake bibi harusi na wanawake wote waione. Mashine yangu ya zamani ilikuwa imeshakufa. Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, maana watapatana wenyewe. Lakini sisi tulikuwa tunaelekea kumharibia Rukia furaha yake.

Baba akatukuta tumenuna.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, mnagombania nini?"

Tukamweleza kwa pamoja, kila mtu na namba zake. Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Mimi kompyuta siijui," akasema. "Lakini nimeendesha lori la kokoto kutoka Lugoba tangu hamjazaliwa. Gari halisifiwi likiwa limeegeshwa. Bebeni kazi zenu, tukazijaribie huko huko dukani."

Tukaenda watatu. Ami Seif, mtu wa bashasha, akawasha zote mbili. Gemu ikaanza: kwenye ya kwanza wachezaji waliteleza kama samli, kwenye ya pili wakawa wanakwamakwama. Hamadi akanitazama kwa jicho la ushindi. Kisha tukaweka video yangu kwenye zote ziichakate. Feni zikavuma. Adhuhuri ikaadhiniwa.

"Ziacheni zifanye kazi, tukasali," baba akasema.

Wao wakaenda msikitini, mimi nikasali ndani na mke wa Ami Seif. Tuliporudi, ile ya viini vinne ilikuwa imemaliza na imetulia. Ile ya mbio ilikuwa bado inahangaika, imepata moto kama kikaango cha chapati, na kadiri ilivyopata moto ndivyo ilivyozidi kuzubaa. Nikapiga kigelegele. Kisha nikauona uso wa kaka yangu, kigelegele kikanikauka mdomoni.

"Nani kashinda?" baba akauliza.

Akajibu mwenyewe.

"Kila mtu kashinda kwa kazi yake. Hampalilii kwa shoka, wala hamkati mti kwa jembe. Mnauliza ipi bora kabla hamjauliza bora kwa nini! Sasa, kazi ipi watu wanaingoja?"

Hamadi akaipapasa ile mashine aliyoipenda, kisha akaifunga polepole. "Harusi ya Rukia. Tuchukue ya dada. Mimi gemu nitaipunguzia urembo wa picha, mpira utachezeka."

Nilimkumbatia pale pale, Ami Seif akiangalia.

Nikaha ilirekodiwa kwa mkono uliotulia. Kesho yake wanawake wakaona jinsi bwana harusi alivyoitikia "nimekubali" kabla shehe hajamaliza kuuliza! Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Rukia, hina mpaka viwikoni, akapiga kelele, "Rudisha! Rudisha tena!" Wageni walionipa kazi baada ya siku ile ni wengi, na kazi hizo ndizo zilizomnunulia Hamadi laptopu yake ya gemu.

Basi, mwanangu, siku hizi viini vimekuwa vingi, lakini swali la baba halijachakaa. Ukiwa mtu wa gemu, tazama mbio za kiini kimoja kimoja, na kadi ya picha uitazame zaidi. Ukiwa mtu wa video, taka viini vingi na kumbukumbu ya kutosha, ile waiitayo RAM. Ukiwa mtu wa vyote viwili, chukua ya kati yenye feni nzuri, maana joto letu la pwani halina huruma na vyombo vyembamba. Uichomoe kwenye umeme uone kama hailegei. Uipe kazi ndefu, si dakika ya maonyesho: ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Na kama unanunua na mwenzio, msikilize kabla hujamhesabia namba.

Mola akupe chaguo lenye heri, akuzidishie kazi ya halali, na akujaalie ndugu wa kufurahi nao. Amina.