Rangi Nyekundu Nyuma ya Radio

Nyinyi vijana mutakaosoma haya, mukae vizuri, maana sitarudia. Juzi nyumba yangu ilinuka rangi ya mafuta. Nilikuwa uani nachambua maharage, harufu ikanifikia kama mtu aliyenishika bega kwa nyuma. Niliijua. Ni rangi ya maboti, ile inayokaa kwenye kucha wiki nzima hata usugue kwa jivu.

Nikaingia ndani. Mjukuu wangu Karimu, aliyekuja likizo kutoka Bujumbura, alikuwa ametandaza magazeti juu ya meza yangu ya kulia, na juu ya magazeti amepanga jeshi. Askari wa plastiki, urefu wa kidole gumba. Wengine wana mabawa, wengine vichwa vya mbuzi, mmoja amepanda mjusi kama mtu anayekwenda sokoni. Anawapaka rangi kwa brashi yenye nywele tatu, kisha anawabandika sumaku ndogo chini ya miguu, ili wakae imara ndani ya sanduku la bati asafiri nao bila kuvunjika.

"Bibi, usiguse, iko mbichi bado," akaniambia.

Sikugusa. Nilijua ubichi wa rangi hiyo kabla baba yake hajazaliwa.

Nimerudi kwenye maharage yangu, mara nasikia kelele. Kipakiti cha sumaku kimepotea. Na kabla hawajainua hata gazeti moja, Karimu na dada yake Zuhura walikwisha kutaja jina: Esperanse, msichana anayetusaidia kupika.

"Ni yeye alifagia hapa, Bibi," Zuhura akasema. "Nani mwingine?"

Esperanse alikuwa mlangoni na ndoo. Nilimwona anaitazama mikono yake.

Hapo nikakaa chini. Watu wa nyumba hii wanajua kwamba mimi nikikaa kabla ya kusema, ni afadhali na wao wakae. Niliyowaambia ni haya.

Baba yangu alikuwa fundi wa radio hapa Rumonge, katika mtaa wetu wa Waswahili. Babu alivuka ziwa la Tanganyika kutoka upande wa Kongo akiwa kijana, akaoa, akabaki. Shule yangu mimi ilikuwa chuo cha Kurani, na barza ya baba, kibaraza alichofanyia kazi. Pale barzani nilijifunza kutofautisha waya unaochoma na usiochoma, na nilijifunza kunyamaza wakubwa wakizungumza. Hilo la pili nililijua mno.

Pembeni ya barza hiyo alipenda kukaa Bizoza, mpaka rangi wa maboti. Alikuwa mtu wa milimani, kutoka Bugarama, mrefu, mwenye Kiswahili cha taratibu, kila neno analiweka chini kama anayeweka yai. Akifika anasalimu kwa Kirundi, "Amahoro," anakaa juu ya pipa, anasubiri rangi ikauke kule ufukweni. Mikono yake haikuwa na rangi ya mwili tena. Ilikuwa na rangi ya boti lililopita.

Mwaka ule wa Uhuru nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na jeshi. Musicheke. Mama alizoea kutusimulia juu ya mji ulio chini ya Tanganyika, wenye mfalme wake na walinzi wake, nami nikaona aibu kwamba walinzi hao hakuna aliyewahi kuwaona. Nikawafinyanga kwa udongo wa mto Dama. Vichwa vya wengine nilifanya kokwa za mawese, zile zinazobaki mafuta yakishakamuliwa. Kulikuwa na wanaume wenye vichwa vya samaki mukeke, mamba wa vichwa viwili wa kulinda mlango, na malkia aliyepanda kiboko mwenye mabawa. Jumla yao arobaini na mmoja. Wenzangu wa kike walikuwa na wanasesere wa magunzi. Walipoona mambo yangu wakaenda kunishtaki kwa mama.

Bizoza ndiye aliyenipa rangi, mabaki ya chini ya kopo. Alinichongea brashi kwa unyoya wa kuku na kijiti cha ufagio kwa ajili ya macho. "Macho uweke mwisho," aliniambia, "asije akakuona unavyomkosea." Siku nyingine aliwaangalia wote, akaniuliza, "Adui yao ni nani?"

"Sijui bado."

"Basi, mwanangu, hilo si jeshi. Hiyo ni harusi."

Shida yangu ilikuwa moja. Hawakusimama. Upepo wa ziwa ukipuliza, wanaanguka. Kuku akipita, wanaanguka. Baba akanipa kisumaku cha radio iliyokufa, nikakivunja vipande, nikavibandika miguuni kwa lami ya kuzibia maboti, nikawasimamisha juu ya bati la debe. Kumbe! Bati ukiligeuza juu chini, askari wananing'inia kama popo, hata mmoja hadondoki. Lakini kisumaku kile kilitosha askari tisa tu. Wale thelathini na wawili walibaki wanalala chali kama wagonjwa, na malkia alikuwa mmoja wao.

Sasa, kulikuwa na tajiri mmoja wa ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, mwenye maboti matatu. Ndiye aliyekuwa na radio kubwa kuliko zote mtaani, ya mbao, yenye kitambaa mbele. Aliileta kwa baba itengenezwe kwa ajili ya siku ya Uhuru, maana mtaa mzima ulikuwa ukusanyike barzani kwetu kusikia ngoma na hotuba kutoka mji mkuu. Baba akaitengeneza, akaijaribu, ikalia vizuri, akaipandisha kwenye rafu na kuifunika kitambaa.

Mchana wa kesho yake, kabla ya siku yenyewe, baba alikwenda kusali alasiri. Mimi nilikuwa nimetoka kumpaka malkia joho lake jekundu. Nikafungua mgongo wa radio ile, skrubu nne. Nyuma ya spika kulikuwa na jiwe jeusi la duara, zito, sumaku kama kile kisumaku changu ila kubwa. Nilikuwa nimeona mara nyingi kwamba sauti inatoka kwenye ile karatasi ya mbele, inatetemeka. Jiwe la nyuma, mimi nilidhani ni uzito tu, wa kuzuia radio isianguke. Nikalibandua kwa tindo. Nikarudisha mgongo, nikafunga skrubu zote nne, nikafunika kitambaa kama kilivyokuwa. Jiwe lilipasuka kwa nyundo kama sukari guru. Magharibi ilipoingia, watu wangu wote arobaini na mmoja walikuwa wamesimama. Sijawahi kufurahi hivyo tena, na nimezaa watoto sita.

Siku ya Uhuru watu walijaa barzani mpaka barabarani. Mikeka ilitandikwa, wanawake na vitenge vipya, ufukweni maboti ya tajiri yamepakwa nyekundu, nyeupe na kijani, kazi ya Bizoza ya wiki nzima. Baba akafungulia radio. Taa ikawaka. Tukasubiri. Baba akazungusha. Taa inawaka, sauti hakuna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Uhuru wenyewe umekuja kimya kimya," watu wakacheka, baba hakucheka. Akafungua mgongo mbele ya wote. Akaona mahali pa sumaku pako wazi. Kisha akaona kwenye ule ubao wa mgongo alama za vidole, nyekundu, nne na kidole gumba.

Sikumwona aliyegeuka wa kwanza. Niliona tu kwamba wote wamegeuka kumtazama Bizoza.

"Bizoza," baba akasema, "mikono yako."

Bizoza akaitazama kwanza yeye mwenyewe, kama mtu aliyeletewa mikono ya mwingine. Kisha akainyoosha. "Iko na rangi, ndiyo. Nimepaka maboti."

"Na sumaku yangu umeipaka wapi?" tajiri akauliza. Kicheko kingine, kibaya kuliko kile cha kwanza.

Mimi nilikuwa kwenye mkeka karibu na miguu ya mama, nimeikalia mikono yangu. Bizoza aliinua macho, akaniona, na akaona nilivyokaa. Alijua. Mtu aliyenichongea brashi angekosaje kujua? Nilisubiri aseme. Hakusema. Mimi pia sikusema. Akashuka barza, watu wakimpisha kwa upana kama anayebeba moto.

Mikono yake siku ile ilikuwa na rangi tatu. Nyuma ya radio ilikuwa moja tu. Na vidole vilivyoachwa pale vilikuwa vidogo, vya mtoto. Mtu yeyote angeweka kidole chake juu yake angejua. Hakuna aliyeweka.

Baba alilipa spika nyingine, na yule tajiri akatafuta mpaka rangi mwingine. Wenye maboti wengine wakafuata. Bizoza akabaki anapaka milango na misalaba ya makaburi. Akipita mtaani, sisi watoto tulipiga kelele: "Fungeni misumari, sumaku inapita!" Nasema sisi. Nilipiga kelele na wenzangu, na sauti yangu ilikuwa kubwa.

Jeshi nililimwaga ziwani siku chache baadaye, kwenye gati ya ndagala, lote, na bati lake. Udongo ukawa udongo. Sumaku ziko huko mpaka leo, na kwa mwaka mzima niliogopa mvuvi atavuta ndoano aje nazo nyumbani kwetu. Mara moja nilikutana na Bizoza ufukweni, peke yetu. Akaniuliza, "Yule malkia, ulimmaliza macho?" Nikasema bado, ingawa malkia alikuwa ameshalala chini ya ziwa. "Mumalize," akasema. "Yeye hana kosa." Nikakimbia.

Nilijiambia nitasema nikiwa mkubwa. Nikawa mkubwa. Nikajiambia ni mambo ya zamani, nani anakumbuka radio?

Walikumbuka. Mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa nne, vita ilianzia huku kwetu ufukweni. Walikuja wale waasi na mapanga, kisha wakaja askari wa serikali na malori na bunduki. Yaliyofuata yanajulikana na wanaotaka kuyajua, sitayachambua hapa. Nasema nililoliona. Hao wa malori walisimama mtaani kwetu wakamwambia mkubwa wa mtaa awape majina manne ya watu wabaya. Hawakueleza wabaya kwa nini. Yule mzee akataja matatu. La nne halikuja. Alitazama chini, akatazama juu, kisha likaja lenyewe, maana lilikuwa limekaa tayari mdomoni mwa kila mtu miaka kumi: "Bizoza. Yule mwizi wa sumaku."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mlango wetu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanamke mzima, na ulimi ninao. Pazia halikutikisika.

Walimchukua anapaka mlango wa mtu. Kopo lilibaki pale limefunguliwa, likaota ngozi juu. Mke wake alivuka kwenda Kigoma na watoto, hawakurudi. Kaburi la Bizoza sina wa kuniambia liko wapi.

Malori yalipoondoka nilimkuta baba mezani kwake na chuma cha kulehemu. Nikamwambia, "Baba, ile sumaku, ni mimi." Hakunipiga. Hakupaza sauti. Alikaa na kile chuma mkononi mpaka kikapoa. Kisha akasema, "Na mimi sikuvipima vile vidole." Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakutengeneza tena radio mbele ya watu.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu ni kuvunja kitu cha mteja. Hilo lililipwa. Mtoto wa miaka tisa haelewi kwamba jina la mtu likishatupwa njiani linabaki pale, na siku mwenye bunduki akihitaji jina, ataokota lililo karibu.

Hayo ndiyo niliyowaambia Karimu na Zuhura. Karimu alikuwa bado ameshika yule askari wa mjusi, rangi imemwingia vidoleni. Zuhura akaanza kusema, "Lakini Bibi, sisi tuli..." nikainua kidole, akafunga mdomo. Nikamwambia Esperanse aweke ndoo chini, aje akae kwenye kiti changu. Hakutaka. Nikamwambia mara ya pili, akakaa. Wale wawili nikawasimamisha.

"Katika nyumba hii," nikasema, "kitu kikipotea, hakuna kutaja jina la mutu. Munanisikia? Kila mutu analeta mikono yake hapa mezani, tunaitazama. Mimi naanza, kisha nyinyi. Esperanse wa mwisho, akitaka. Tukimaliza, munainua magazeti, munatafuta chini ya meza, munatafuta mifukoni mwenu." Nikaiweka mikono yangu juu ya magazeti, katikati ya jeshi lao. "Haya. Leteni mikono."