Nilimwita Fundi Salumu Mwizi wa Oili

Mdomo wangu hauna breki, na safari hii umeniaibisha. Mjukuu wangu Zuhura ana gari la mbio la zamani, la milango miwili. Mimi hukaa mbele, nikiwapungia watu mkono. Njiani wakiziba pua, nasema ni wivu tu.

Shida yake, oili ilikuwa haikai, na injini inagonga kama mtu anatwanga kisamvu. Nikafagia mchanga chini ya gari, asubuhi nikainama kutazama. Hata tone la oili! Nikajua anayeichukua ni Salumu, fundi anayelitengeneza.

Jumamosi tukamfuata gerejini kwake, Mlandizi. Nikasimama nyuma ya gari, mbele ya wateja wake.

"Mwizi wewe! Oili ya mjukuu wangu unaiuza wapi?"

Wateja wawili wakaanza kuondoka. Salumu akaniamkia. "Shikamoo, bibi. Hebu sogea hapo."

"Sisogei!"

"Zuhura, washa, kanyaga mafuta."

Moshi wa bluu ukanifunika mzima mzima. Nilipopata pumzi, kanga yangu mpya ilikuwa na madoadoa meusi, na wale wateja wamerudi kunitazama.

"Injini imechakaa, bibi, inaunguza oili humo humo ndani," akasema Salumu. "Hiyo unayoitafuta, umeivaa."