Kopo la Vifungo la Maureen

Kwa Clarrie Trezise, ushindi wa bure ulikuwa na harufu. Ujana wake wote alipakia ngano bandarini Wallaroo, na kazi ikiisha alicheza poka na wakata manyoya ya kondoo, watu ambao ukifumba jicho moja wanakuibia la pili. Walimfunza mambo mawili: usimwamini mtu anayetabasamu akiokota karata zake, na usimwamini kabisa anayeshindwa huku anacheka. Sasa alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mgane, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walikaa watu watatu mezani kwake, wakishindwa na kucheka.

Wa kwanza ni Glenys, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa kanisa mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya ghuba. Yeye ndiye aliyeanzisha mambo yenyewe. Maureen, mkewe Clarrie, alipofariki, Clarrie alijifungia ndani, mapazia chini, akawa anakula nyama ya kopo kwa kijiko hali amesimama. Glenys akamgongea mlango. "Clarrie, hebu tufundishe hayo makarata yako, mtaa umepooza huu!" Akaja na Pav, Mgiriki mwenye duka la samaki na chipsi, na Darryl, dereva wa basi la shule anayekaa nyumba ya mbele. Wote watatu, kama si ndevu, wasingemtofautisha mfalme na malkia. Kamari ya pesa Glenys hakutaka hata kuisikia, kwa hiyo wakachezea vifungo vya kopo la kushonea la Maureen, vya mbao, vya lulu, vya makoti ya watoto waliokwisha kuota mvi. Tena akaweka sheria yake: atakayemaliza na vifungo vingi anaondoka na kopo, na Jumapili inayofuata mchezo ni kwake, kupika pia ni kwake.

Mwanzoni walimpiga Clarrie kama ngoma. Watu hudhani kumla mgeni wa karata ni kazi rahisi. Poka ni mchezo wa kutishana. Huna kitu mkononi, unapandisha dau, mwenzako anayejua anawaza, anaingiwa na hofu, anajitoa. Asiyejua hawazi. Clarrie alikuwa akisukuma vifungo katikati ya meza kwa uso wa hakimu, na Glenys, ameshika vikarata viwili vya tatu, anasema tu, "Haya, tuone una nini." Clarrie hana kitu, basi anaumbuka. Kopo likaenda kwa Glenys, likaenda kwa Pav, na Clarrie akawa anakula kwa watu na kurudi kwenye giza lake.

Halafu, baridi ilipoingia, wakaanza kuogopa. Wote kwa mpigo! Clarrie akigusa tu vifungo vyake, huyu anajitoa, yule anajitoa. Baridi nzima kopo halikushuka kutoka juu ya friji yake. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani. Hawa hawakuerevuka, walizidi ujinga, tena siku moja wote watatu, na hilo lilimtia mashaka makubwa zaidi.

Kwanza alidhani ni ubahili. Mwenye kopo ndiye anayedeki, anayepiga pasi kitambaa cha meza, anayefungua madirisha, anayekesha na unga akikunja pasti za nyama na viazi kama alivyozikunja Maureen. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa, lakini mwenyeji huyu alijiona analiwa mzima mzima. Akawa anawahesabia matonge.

Kisha binti yake Janelle akapiga simu kutoka Adelaide.

"Baba, nasikia umetengeneza bomba la jikoni. Hongera!"

Clarrie akalitazama bomba. Habari za bomba hakumwambia mtu yeyote.

"Nani kakwambia?"

"Ah, nimesikia tu. Ila Baba, mwisho wa mwezi nakuja tuzungumze. Nyumba kubwa hiyo kwa mtu mmoja. Huku karibu na sisi kuna vijumba vizuri vya wazee, mnapikiwa, mnafuliwa…"

Mnafuliwa! Clarrie aliweka simu chini. Nyumba ile ndimo alimomleta Maureen akiwa bibi harusi, na humo humo alitaka kutolewa akiwa maiti, si kabla. Sasa kila kitu kilimkaa sawa kichwani. Hawakuja kucheza. Walikuja kukagua, na walimpa ushindi ili mlango wa kukagulia uwe wake kila wiki. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na kingine kinakula pasti zako.

Jumapili iliyofuata aliwavizia. Glenys alifungua friji. "Natafuta maziwa," alisema, na maziwa yapo mlangoni, yanamtazama. Macho yake yakazunguka rafu zote kwanza. Pav alikwenda chooni, akarudi akisifu. "Mzee, huko kunanukia sabuni tupu!" Nani husifu choo cha mwenzake? Darryl alishughulika na sahani yake. Shati lake ni lile lile la Jumapili iliyopita, halijaona pasi. Alikula pasti ya tatu kama mtu aliyetoka kifungoni, kisha ya nne akaifunga kwenye karatasi na kuitia mfukoni. Ushahidi huo, Clarrie alifikiri, anampelekea nani?

Akagawa karata. Akaokota zake tano: takataka, hata jozi moja hakuna. Akasukuma nusu ya vifungo vyake katikati.

"Mama yangu!" Glenys akashika kifua. "Mimi simo."

"Wala mimi," akasema Pav.

Darryl naye akazilaza zake.

Katika meza ya Clarrie kulikuwa na mwiko mmoja, na yeye ndiye aliyewafundisha: karata ikishalazwa kifudifudi imekufa, na maiti hafukuliwi. Siku ile alinyoosha mkono, akafukua. Glenys alikuwa ametupa wafalme watatu. Pav, malkia wawili na karata mbili za kumi.



"Wafalme watatu, Glenys!" Clarrie alisimama, uso umemwiva. "Hata mtoto wa chekechea hatupi wafalme watatu! Mnaniona nimekuwa zezeta? Mnakuja kula kwangu, mnachungulia friji yangu, halafu mnampigia simu binti yangu aje aniuzie nyumba!"

"Ngoja, mzee," Pav akaanza.

"Singoji! Nani anampigia Janelle?"

"Mimi," akasema Glenys.

Alisema bila kupepesa macho. Clarrie alikuwa amejiandaa kwa uongo.

"Yeye ndiye aliyeanza kunipigia, kabla ya baridi," Glenys akaendelea. "Kila Jumatatu. 'Baba anakula? Baba anafagia? Niambie ukweli, Glenys, nije nimchukue.' Na wewe, Clarrie, ulikuwa hufagii! Kulinuka humu, samahani lakini. Ningemwambia nini? Kusema uongo siwezi, unanijua. Ila nikagundua kitu kimoja: kila kopo likiwa kwako, unadeki, unapika, unafungua madirisha. Sasa nisipoweza kusema uongo, si inabidi nyumba iwe safi kweli?"

"Mimi nilipinga," Pav akasema kwa unyonge. "Siku ile nilikuwa na karata zote tano za kopa, nilikaribia kulia."

"Kwa hiyo Janelle…"

"Nimemwambia haki ya Mungu. Friji ina chakula, choo kinanukia sabuni, bomba umetengeneza mwenyewe. Akija mwisho wa mwezi, ataona kwa macho yake. Ukitaka kutufukuza, tufukuze, lakini pasti yangu naimaliza."

Clarrie alikaa. Alikuwa na hasira bado, hasira ya mcheza karata aliyedanganywa na wanagenzi baridi nzima, tena wakamdanganya kwa kushindwa. Aliona haya. Na chini ya haya hiyo kulikuwa na kitu kingine, akajifanya anasafisha miwani.

Alipoivaa tena, macho yake yalimwangukia Darryl. Shati lile. Pasti ya mfukoni. Akatazama dirishani, nyumba ya mbele, mapazia yaliyoshushwa tangu Raelene, mke wa Darryl, alipobeba sanduku na kuondoka wakati wa Pasaka. Miezi yote hiyo alimsoma Darryl kama barua ya mwizi, kumbe barua yenyewe aliishika kichwa chini.

"Changa karata, Pav," akasema. "Na leo mnacheza kwelikweli. Atakayelaza karata nzuri namtoa nje kwa ufagio."

Wakacheza kweli, na kweli ilikuwa kali. Glenys aliishiwa wa kwanza, akalalamika kama kaibiwa. Pav akafuata. Wakabaki Clarrie na Darryl, vilima viwili vya vifungo karibu sawa. Clarrie akaokota karata zake. Akapewa ree tatu, karata zinazomzidi hata mfalme, akabadilisha nyingine mbili, akaja na ree ya nne. Katika miaka yote ya bandarini mkono kama huo ulimjia mara moja tu.

Akasukuma vyote katikati.

Darryl alimtazama sana. "Mzee, mimi hapa…"

"Nimesema kwelikweli."

Darryl akasukuma vyake, akafunua: jozi ya tisa, jozi ya nne.

Clarrie alizitazama ree zake, moja moja. Kisha akazilaza kifudifudi, akazichanganya na zilizokufa.

"Umenila," akasema.

"Onyesha basi!" Glenys akapeleka mkono. Clarrie akauwahi, akaweka kiganja chake juu ya karata.

"Maiti hafukuliwi, mama."

Glenys alimtazama, akatazama dirishani, akaurudisha mkono wake taratibu. Clarrie akakusanya vifungo vya Maureen, akavitia kwenye kopo, akalisukuma mbele ya Darryl.

"Jumapili ijayo kwako. Fungua hayo mapazia, tusije tukacheza kwa kupapasa."

"Mzee, mimi kupika sijui."

"Njoo Jumamosi nikuonyeshe kukunja. Na lete shati hilo, pasi ipo."

Darryl akavuka barabara amelikumbatia kopo kwa mikono miwili. Glenys na Pav nao wakaenda. Juu ya friji palibaki duara safi lisilo na vumbi. Jumapili ijayo hakuna aliyekuwa anakuja kwa Clarrie, hakuna wa kuchungulia friji wala kusifu choo. Akachukua ufagio, akaanza kufagia jikoni.