Levina Anakwenda Kunyolewa

Levina wa Michenga alikuwa na vitu viwili ambavyo majirani zake hawakuwa navyo: sauti nzuri ya kusomea, na mpunga uliopona shambani. Cha kwanza walikipenda sana. Cha pili hawakuweza kumsamehe.

Kila Alhamisi jioni jumuiya yao ilikutana kusali, na baada ya sala Levina aliwasomea kitabu alichoazimwa na paroko. Kilikuwa hadithi ya watu waliowindwa katika nchi yao wenyewe, na mama mmoja aliyewaficha wanawe kwenye ghala la mahindi, akiwapa wao uji naye akitafuna pumba. Jumuiya nzima ililia. Aliyelia kuliko wote ni mwenyekiti, mzee Kelestini, ambaye siku hizo alikuja na leso mbili.

"Majirani gani hawa!" alifoka. "Wamekula kwa huyu mama, wamezikiana, leo wanamchongea! Wangekuwa hapa Michenga ningewatimua kwa fimbo mimi mwenyewe!"

"Kweli, Mwenyekiti," wakaitikia, wakipenga kamasi.

Mwaka huo kweleakwelea walishuka bondeni kwa makundi. Levina, mjane asiye na wa kumtuma, alihamia dunguni katikati ya shamba, akawa anaamia ndege tangu alfajiri kwa kombeo na debe bovu mpaka sauti ikamkauka. Kelestini yeye aliamia kwa simu. Alimpigia shemeji yake Beno kumuuliza kama ndege wapo, na Beno, aliyekuwa kilabuni Ifakara mjini, akamjibu kwa uhakika kwamba hawapo. Basi ndege waliofukuzwa kwa Levina waliruka mpaka mmoja tu, wakatua kwa Kelestini, wakala kwa raha zao.

Mavuno yalipokaribia, shamba moja lilikuwa la njano, la pili mabua matupu. Mwenyekiti alisimama mpakani akafikiri kwa muda mrefu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na akapata jibu: Levina amewatuma ndege.

Huko milimani yuko mganga anayewanyoa wanaotuhumiwa uchawi. Ukishanyolewa, wanasema, nguvu zimekwisha. Ukikataa, umekiri. Na aliyekiri huhama kijiji, shamba lake likabaki kwa waliopakana naye. Levina hakuhitaji kuuliza nani amepakana naye.

Jumuiya ikapitisha uamuzi kwamba aende Jumamosi. Lakini kwa kuwa kitabu kilikuwa hakijaisha, walimwomba kwa heshima zote Alhamisi aje amalizie. Akaja, akasoma. Yule mama alipokamatwa ghalani, Yosefina, jirani wa mlango kwa mlango, alijitupa mkekani akapiga yowe. Kelestini alilowesha leso zote mbili. Kisha akajikohoza.

"Haya jamani, Jumamosi kigari cha kirikuu kinaondoka saa moja. Levina, usitucheleweshe."

Levina alifunga kitabu. Alitaka kuwatukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Lakini aliwaza: nywele zitaota, shamba likienda limekwenda.

"Nitakuja," alisema. "Ila mila ni mila. Anayenyolewa hanyolewi peke yake. Mshtaki naye ananyolewa."

"Hilo halina shida," alisema Kelestini, akiamini kwamba mtu mkubwa hatendewi hayo.

Kwa mganga Levina alikaa wa kwanza. Nywele hizo alizifuga tangu siku ya arobaini ya mumewe, na zilipoanguka mapajani alilia waziwazi. Hakuona sababu ya kuficha. Kisha mganga akapangusa wembe, akamwita mshtaki.

"Mimi ni mwenyekiti," alisema Kelestini, akishikilia kofia kwa mikono miwili. "Nimekuja kusimamia."

Yosefina akamtazama mwenzake, mwenzake akamtazama Beno.

"Asiyetaka kunyolewa," alisema Yosefina taratibu, "ana lake."

"Tena ndege walianzia kwake," akadakia Beno, shemeji mtu.

Watu wakasogea hatua moja, wote pamoja. Kelestini akarudi nyuma mpaka ukutani, na Levina akahisi utamu. Utamu mtupu, wa kulamba vidole. Angenyamaza tu, kufikia jioni mpakani pangekuwa na shamba la kugawana. Akaona anajua vizuri sana majirani wa namna hii hutoka wapi, na akaogopa kuliko alivyouogopa wembe.

Akamwendea, akamshika mkono.

"Kaa, Mwenyekiti. Hauumi. Nipe kofia nikushikie."

Akakaa. Alinyolewa amefumba macho kama mtoto, na Levina hakumwachia mkono mpaka mwisho.

Hakuna aliyemwomba radhi, wakati wa kurudi wala baadaye. Jumatatu aliingia kuvuna kichwa wazi, jua likimchoma utosini, na ng'ambo ya mpaka mtu mwingine mwenye kipara akamwamkia kwa sauti ndogo.