Makochi ya Jirani

Ukitaka tugombane, niambie tulinyimwa ufadhili kwa sababu tulijifanya matajiri. Nani alijifanya? Mama alipokea wageni, basi.

Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, kile ambacho watu hulilia kuingia. Nafasi ilikuwepo, karo ndiyo haikuwepo. Mama alikuwa akiwauzia chai madereva wa malori kwenye foleni ya mpaka, Busia, na chai haiwezi kumsomesha mtu chuo kama kile. Tumaini letu lilikuwa kamati ya ufadhili. Wakanipigia simu kwamba maofisa wawili watakuja nyumbani, huku Bukhayo, waone tunavyoishi.

Kwetu mgeni akisema anakuja, majirani wote hujipanga. Asubuhi hiyo jirani mmoja, wakala wa kutoa mizigo pale mpakani, alituletea makochi yake na vitambaa vyeupe juu. Mwingine akaleta televisheni. Televisheni, haki ya Mungu, na stima hatuna!

"Mama," nikamwambia, "hawa wanakuja kuona shida."

"Shida wataisikia ukiwaeleza. Ati niwakalishe kwenye mitungi ya maji? Watu wametoka Nairobi!"

Jogoo akachinjwa, na tulikuwa na huyo mmoja tu. Firigisi akapewa mkubwa wao, kama inavyotakiwa, naye akaila huku akisifu. Mwenzake, mwanamke wa miwani, akapapasa kochi.

"Mama, hapa kwako ni pazuri kweli."

Mama akacheka kwa raha. Nikafungua mdomo niseme si yetu, akanitolea macho, nikaufunga. Wewe ungeweza kumwaibisha mzazi wako mbele ya wageni? Mimi sikuweza.

Gari lao halijafika barabara ya lami, jirani na mkewe tayari walikuwa wamejitwika makochi wakirudi nayo kwao. Si wale maofisa wangegeuza shingo tu! Jikoni hawakuingia. Paa hawakulitazama. Ati wamesomea kupima umaskini, na hawajui maskini akitembelewa hufanya nini! Nimewakasirikia mpaka leo, na sitaki kuambiwa niwasamehe.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu, maneno machache: familia yetu inajiweza, msaada utaenda kwa wenye shida zaidi. Nilimsomea mama pale pale kwenye jiko lake, malori yakiwa yamesimama kama kawaida. Chuo kikanipita hivyo. Sasa hivi vikombe vya madereva naosha mimi.

Siku ile nilipomsomea, mama alikoroga chai. Alifunika sufuria, akajipangusa mikono kwenye leso. Halafu akaniuliza, na hakuwa anatania:

"Kwani hawakushiba?"