Drocella Anatoa Sumu

Kijijini Kingi hakuna anayekufa kwa ugonjwa. Malaria ikikumaliza, ni sumu. Ukianguka kutoka juu ya mparachichi, kuna mtu alikutilia kitu kwenye chai. Hata kikongwe asiyebakiwa na jino moja akizimika usingizini, majirani hutazamana: nani alimpikia jana? Na sumu ya kunywa ikikosekana, zipo nyingine. Kwa mhubiri, simu ni sumu ya vijana. Kwa vijana, sumu ni mahubiri ya mhubiri.

Mdomo wa Mama Drocella nao uliitwa sumu, na jina hilo alilipenda. Alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na kila mteja alipata matusi yake bila malipo. Mambo yaliharibika jirani yake, mzee Kanyamibwa, alipokufa na tumbo lililovimba. Ini lilikuwa limemwoza miaka mingi, kila mtu alijua. Lakini uji wake wa mwisho ulitoka jikoni kwa Drocella, na hilo likatosha. Wateja wakapotea. Akawatukana wote, kisha akajifungia ndani akalia.

Ndipo wakaja watu wa Mweso kumposa binti yake, Kétsia. Wakinywa pombe ya mama, posa imekubaliwa. Wakiondoka na koo kavu, habari itafika kila kilima, na Kétsia atazeeka akiitwa mtoto wa mlozi.

Drocella akaweka kibuyu na mrija mbele yao, akanywa kwanza. Ndiyo desturi: mwenye kukaribisha hutoa sumu kwa kinywa chake mwenyewe. Papa Ngabo, baba wa kijana, akanyoosha mkono. Dada yake, Nyiramana, ambaye alikuwa ameziokota habari zote njiani, akauzuia.

"Sumu inakalaka chini," alisema. "Mama, kunywa mpaka chini."

Drocella akanywa mpaka chini. Kibuyu kikajazwa tena kutoka kwenye bidoni, dumu la pombe.

"Banafichaka mu kucha," alisema Nyiramana.

Drocella akanawa mikono, akanywa. Kisha mrija ukashukiwa, ukabadilishwa, akanywa. Kisha kibuyu chenyewe. Akaletewa jagi, akanywa. Kétsia alitamani ardhi immeze. Papa Ngabo alilitazama bidoni linavyopungua, akameza mate.

Mwishowe Drocella alisimama, akayumba, akashika ukuta, akawageukia majirani waliojazana mlangoni kuchungulia.

"Sasa munisikilize, benye woga! Kanyamibwa alilala siku nyingi akilia maji. Maji tu! Hakuna mutu aliingia. Muliogopa akifia mu mikono yenu bantu batasema njo nyinyi mulimupatia sumu. Miye nilijua batasema. Nikaingia. Nilimunywesha uji na kijiko, nikamupangusa matapishi. Aliniambia aksanti. Mutu wa kwanza kuniambia aksanti mu hii mugini ya Kingi, na akakufa!" Akakaa chini kwa kishindo, akalia waziwazi, kamasi na yote.

Nyiramana aliangalia chini. Kule Mweso mama yake mwenyewe alikuwa amelala mgonjwa mwezi mzima, na yeye alikuwa akimsalimia kutoka mlangoni tu.

Akalichukua jagi lililotoka kinywani mwa Drocella, bila kulipangusa. Akainamisha bidoni, yakatoka machicha tu, na pombe kidogo yenye povu. Akanywa yote, akampitishia kaka yake jagi tupu, naye Papa Ngabo akalamba ukingo wake ili posa isikose shahidi.

"Iko muzuri, mama," Nyiramana alisema. "Lakini ungetuachia."

Drocella alikuwa ameshaanza kukoroma. Nyiramana akavua kitenge chake cha mabegani, akamfunika, kisha akamuuliza Kétsia maji yako wapi, mama akiamka atakuwa na kiu.