Vidudu vya Makopo ya Yudita

Mwaka ule wa 2012 Yudita alikuwa amechoka. Si kuchoka kwa jembe, hapana. Alichoshwa na vidudu vyeusi, vidogo kuliko mbu, vilivyozaliana kwenye udongo wa maua yake na kuruka ndani ya nyumba pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale kana kwamba ndivyo vilivyopewa kiwanja. Ukifungua mdomo, umemeza kimoja.

Na maua yenyewe yalikuwa na mwenyewe. Kaudha, mke wa muuza vitambaa wa Mbarara, alikuwa anamwoza binti yake Amirah, akataka makopo kumi ya maua ya kupanga sebuleni. Manne ya kwanza aliyarudisha. "Wewe Yudita, hii ni maua ama ni nyumba ya inzi? Nakupa wiki mbili. Wageni yangu hawawezi kunywa chai na wadudu." Na mteja mwingine wa maua, Yudita hakuwa naye.

Muuza dawa za mashamba wa Kabingo alimcheka. Dawa ya nini? Udongo ukilowa kila siku, vinataga humo humo. Auache ukauke, afunike juu kwa mchanga mkavu, vitakwisha. Kazi rahisi kiasi hicho! Yudita akachekecha mchanga, akafunika makopo yote kumi.

Asubuhi, mchanga umelowa.

Hakuhitaji kuuliza. Mama mkwe wake, mzee Kabanyana, mabaki ya chai, maji ya kuoshea mchele, yote aliyapeleka kwenye makopo, maana maji ya kupangia foleni bombani hayamwagwi chini. Sasa amwambieje? Yudita alilelewa hivi: mama mkwe hakanywi, hata akichoma nyumba. Basi akayagombeza makopo, kwa sauti, anayehusika asikie.

"Maua gani haya! Mutaniletea aibu mbele ya watu! Ninawafanyia mingi, na nyinyi munanifanyia hivi?"

Kila asubuhi hivyo hivyo, na kila asubuhi mchanga unalowa zaidi. Lo! Huyu mama hana masikio? Mumewe Mihigo, alipoombwa aseme na mama yake, akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya kutazama ng'ombe kule Endiinzi.

Siku ya kumi na tatu Yudita alimkuta mzee ameshika birika zima. Si mabaki tena, maji safi! Adabu ikamwishia.

"Mama, wacha! Maji ndiyo inaleta vile vidudu! Wacha kabisa!"

Kabanyana akatua birika. Hakukasirika hata kidogo.

"Kumbe ni maji? Mbona hukuniambia, mutoto wangu? Nilikuwa ninasikia unagombeza maua kila asubuhi. Nikasema, pengine hayakui muzuri. Nikayahurumia, nikaongeza maji, ili usiyagombeze tena."

Yudita akakaa chini pu, kidudu kikamwingia puani. Siku kumi na tatu kwa neno moja, na Kaudha anayangoja makopo kesho. Akachukua simu, akampigia, akamwambia atafute maua kwingine.